Wimbo Ulioanza Kabla ya Tufani

Sisi tuliozaliwa katika milima ya Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na migomba husimama hata mlangoni pa nyumba, hatukulelewa na bahari, wala hapakuwa na mtu katika ukoo wetu aliyepata kuionja chumvi yake, ila mjomba mmoja aliyechukuliwa na Waingereza kwenda vitani Burma, naye aliporudi hakupenda kuisimulia. Maji makubwa tuliyoyajua ni Ziwa Nyasa, tuliloliona kwa mbali siku za jua kali, na ziwa la Ngosi lililomo ndani ya kinywa cha mlima, ambalo wazee walitukataza tusilifanyie mzaha. Kwa hiyo nilipomaliza chuo cha ualimu, katika miaka ile ambayo serikali, kwa kulifuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilikuwa ikiwapeleka walimu pembe zote za nchi ili kila mtoto apate shule, na barua ikanijia kwamba kituo changu cha kazi ni kisiwa cha Mafia, niliisoma, nikairudia, kisha nikampa baba. Naye akaisoma kimya, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo, asiseme neno hata baada ya chakula.

Hofu niliyokwenda nayo huko haikuwa hofu ya bahari peke yake. Tangu utotoni nilikuwa mwoga: niliogopa giza, niliogopa radi, ambayo kwetu hupiga kwa ghadhabu, niliogopa habari za uchawi zilizokuwa zikinong'onwa kila palipotokea kifo cha kijana, na zaidi ya yote niliogopa kufa. Watu wazima aghalabu hudhani kwamba mtoto hajui mauti ni nini. Mimi niliyajua, kwa sababu mdogo wangu anayenifuata alifariki kwa surua nikimwangalia, na tangu siku ile sikuweza kupata usingizi pasipo kusikiliza kwanza pumzi za wenzangu tuliolala chumba kimoja, mmoja baada ya mmoja, hata nihakikishe kwamba wote wapo. Mama alilijua jambo hili, maana mara nyingine aliingia usiku akanikuta nimekaa kitako gizani, naye hakunikemea. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikalala.

Baba alikuwa mzee wa Kanisa la Moravian, ambalo wamishionari wake wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Chimbuko la kanisa hili ni la zamani zaidi ya Wajerumani hao, kwani linatoka kwa Ndugu wa Bohemia waliojikusanya mwaka 1457 wakiyashika mafundisho ya Jan Hus, kasisi aliyechomwa moto kule Konstanz mwaka 1415 kwa ajili ya imani yake. Waliteswa vizazi kwa vizazi, wakatawanywa, wakasali mafichoni, hata mabaki yao yakapata maskani mwaka 1722 katika shamba la mkabaila Zinzendorf huko Saksonia, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Watu hawa walikuwa wamekwisha kunyang'anywa kila kitu ambacho mwanadamu aweza kutishiwa nacho, na nadhani ndiyo maana desturi walizotuachia ni desturi za watu wanaojua kwamba siku ya taabu haipigi hodi. Tangu mwaka 1731 huchapa kitabu chenye neno moja la Maandiko kwa kila siku ya mwaka, neno lililochaguliwa kwa kupiga kura, ili mkulima wa Rungwe na mfumaji wa Saksonia na mvuvi wa Karibi waamkie neno moja.

Nyumbani kwetu neno hilo lilisomwa jioni. Sahani zikiisha kuoshwa, baba aliwasha taa ya chemli, akaifuta kioo kwa kipande cha gazeti, akasoma neno la siku, tukaimba beti mbili tatu za wimbo kwa Kinyakyusa, mama akiongoza kwa sauti yake nyembamba, kisha baba akasali sala ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ileile kila siku. Sisi watoto tulisinzia. Kaka yangu mkubwa alikuwa na ustadi wa kulala huku akiimba. Hapakuwa na jambo la ajabu katika ibada ile, wala sikumbuki hata siku moja nilipojisikia nimeguswa moyo. Ilifanyika tu, siku za mavuno na siku za njaa, na baba alipokuwa na homa aliifanya akiwa kitandani.

Ilikuwako pia desturi ya Pasaka. Alfajiri ya siku ile, giza likingali zito na umande ukituloanisha miguu hata magoti, usharika mzima hukusanyika na kwenda makaburini, wapiga tarumbeta wakitangulia, na huko, katikati ya makaburi, huimbwa nyimbo za ufufuo huku jua likichomoza, na waliolala tangu Pasaka iliyopita wakatajwa. Wamoravian wa Herrnhut walianza kufanya hivi mwaka 1732, na desturi ikavuka bahari hata ikafika kwetu. Kwa mtoto aliyeogopa mauti kama nilivyoyaogopa mimi, kusimama gizani karibu na kaburi la mdogo wake lilikuwa jambo la kutetemesha. Walakini nilikuwa nimeshika kanga ya mama, na watu wazima wote niliowategemea walikuwa wamesimama pale wakiimba kwa nguvu mahali ambapo kwa siku nyingine hawakupita baada ya magharibi. Sikuyaelewa maneno yote. Niliona tu kwamba wazazi wangu wamekwenda kwa hiari yao mpaka mlangoni pa kile ninachokiogopa, wakaimba, wakarudi nyumbani kunywa chai.

Nilisafiri kwa reli ya TAZARA kutoka Mbeya hata Dar es Salaam, nikapanda lori mpaka Kisiju, na huko nikakaa nikingoja chombo. Nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza ilikuwa maji kupwa, imejivuta mbali ikaacha matope na mikoko, nami nikajisemea kwamba kumbe si kitu. Usiku ilikuja kujaa. Tulipanda jahazi lililosheheni magunia ya mchele, mabati, madumu ya mafuta ya taa na abiria wanaume kwa wanawake, tukasubiri upepo wa nchi kavu, kisha nahodha, mzee wa Jibondo, kisiwa ambacho watu wake wamekuwa mabaharia na mafundi wa vyombo tangu zama za kale, akaamuru tanga lipandishwe. Kaskazi ilikuwa imekwisha kulegea, na kusi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na kila mtu wa pwani anajua kwamba majira hayo ya katikati ndiyo yasiyo na ahadi.

Karibu na alfajiri upepo uligeuka ghafula. Sitaki kuutia chumvi msukosuko ule, kwani mabaharia wenyewe walisema baadaye kwamba wamepata kuona mkubwa kuliko huo. Lakini kwa mtu wa milimani ulitosha. Chombo kililala upande, magunia yakaserereka, mvua ikaja ya mshazari kama changarawe, na mabaharia wakashusha foromali kwa makelele huku nahodha ameshika usukani kwa mikono miwili, mdomo wake ukisema dua bila kukoma. Maji yalijaa katika ngama. Kijana mmoja akanitupia ndoo, akaniambia, "Mwalimu, fua maji," na kwa muda usiojulikana nikafua maji, nikainama na kuinuka, nikitapika katikati, na hofu ile yote ya utotoni ikanisimamia kifuani hata nikasikia pumzi zangu mwenyewe kama za mtu mwingine.

Ndipo nilipogundua kwamba ninaimba. Sikuwa nimeazimu kuimba, wala sikuwa nimesali. Ulimi wangu, kwa mkono wa ndoo kwenda juu na kurudi chini, ulikuwa umekamata wimbo wa jioni wa nyumbani, kwa Kinyakyusa, na ulikuwa umekwisha kufika ubeti wa pili kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba umeanza. Mama mmoja aliyekuwa amejikunyata nyuma ya magunia na mtoto kifuani, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni muuguzi kutoka upande wa Songea, aliutambua wimbo kwa sauti ingawa hakuyajua maneno, akaufuata kwa Kiswahili. Nahodha hakutukataza. Aliendelea na dua zake, sisi na wimbo wetu, na kijana mwenye ndoo ya pili akafua maji kwa kufuata mapigo yetu. Hofu haikuniacha, nami naliweka bayana jambo hili kwa sababu watu wengi husimulia kinyume chake. Magoti yalitetemeka mpaka tulipoona minazi ya Kilindoni. Bali hofu ilikuwa imepata mwenzake wa kukaa naye, na mwenzake huyo hakuwa ametoka kwangu.

Miaka ilipita ndipo nilipoelewa kilichotokea, nacho nilikielewa kwa kusoma habari ambayo nilikuwa nimekwisha kuisikia katika mafundisho ya kipaimara nisiitilie maanani. Mwaka 1736 Mwingereza kijana jina lake John Wesley, kasisi wa Kianglikana, yule ambaye baadaye Wamethodisti walitokana naye, alikuwa safarini kwenda Georgia huko Marekani katika merikebu iliyoitwa Simmonds. Ndani yake lilikuwamo kundi la Wamoravian wa Kijerumani, na askofu wao David Nitschmann, yule yule aliyekwenda kisiwa cha St. Thomas mwaka 1732 pamoja na Leonhard Dober kuwahubiria watumwa. Wesley alikuwa mtu wa elimu, wa saumu na wa sala nyingi, tena mwenye bidii isiyo na mfano. Walakini aliogopa kufa, na katika daftari lake la kila siku aliliandika jambo hilo pasipo kujificha. Aliwatazama Wajerumani hao kwa muda mrefu. Aliona jinsi walivyofanya zile kazi za unyonge za merikebuni ambazo Waingereza walizidharau, wala hawakutaka ujira, na jinsi walivyosukumwa au kupigwa wakainuka na kwenda zao, wasilalamike.

Jumapili tarehe 25 Januari, walipokuwa katika ibada yao ya jioni, bahari iliipanda merikebu, ikalipasua tanga kubwa vipande vipande, ikaifunika sitaha, maji yakamiminika chini walimokaa watu. Waingereza wakapiga mayowe ya kutisha. Wamoravian waliinua macho, wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, naye akajibu kwamba, Mungu ashukuriwe, hakuogopa; akamwuliza tena kama wake zao na watoto wao hawakuogopa, akajibiwa kwa upole kwamba wake zao na watoto wao hawaogopi kufa.

Wahubiri wengi huisimulia habari hii wakaishia katika jibu hilo, na ni jibu zuri kweli. Mimi nilipoisoma upya nilisimama mahali pengine. Wesley anaeleza kwamba wimbi lile liliwakuta katikati ya zaburi ambayo kwayo ibada yao ilianza. Yaani hawakuanza kuimba kwa sababu tufani imekuja. Walikuwa wamekwisha kuanza, kama walivyoanza jana yake na juzi yake, katika maji matulivu, watoto wao yamkini wakisinzia kama tulivyosinzia sisi. Tufani iliwakuta kazini. Niliposoma hayo nilimwona baba yangu anafuta kioo cha chemli kwa kipande cha gazeti, nikaelewa kwamba jioni zile zote ambazo sikuguswa moyo, jioni zile alizoziita ibada nasi tukaziita kuchelewa kulala, alikuwa ananiwekea akiba nisiyoijua, akijua yeye kwamba yuko mtoto wake mmoja anayekaa kitako usiku akisikiliza pumzi za wenzake.

Wesley mwenyewe hakupata utulivu ule upesi. Alirudi Uingereza akiwa na moyo mzito, akafundishwa kwa subira na Mmoravian mwingine, Peter Böhler, na hatimaye jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa barabara ya Aldersgate jijini London, akapata hakika kwamba Kristo amemwokoa yeye hasa. Siku hiyo husherehekewa mpaka leo. Ila ni wachache wanaosema kwamba hata baada yake, usiku uleule na siku zilizofuata, aliandika habari za majaribu na mashaka yaliyomrudia. Nampenda zaidi kwa kuyaandika hayo, kwa kuwa mtu mwenye hofu akiambiwa kwamba imani huimaliza hofu kwa siku moja, naye akaamka kesho yake bado anaogopa, atajiona hana imani kabisa, na hivyo hofu moja itakuwa imezaa ya pili.

Mafia nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kisiwa kile ni cha watu waungwana, Waislamu karibu wote, ambao walinipa nazi na samaki kabla hawajanijua jina, na sisi Wakristo tuliokuwako, watumishi wa serikali kutoka bara, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na mimi, tulikuwa wachache hata ikatulazimu kusali pamoja, jambo ambalo natamani lingetulazimu kila mahali. Nilioa msichana wa kwetu, naye akavuka bahari ileile pasipo kulalamika. Tukazaa binti. Na kila jioni, baada ya sahani kuoshwa, nikawasha taa, nikasoma neno la siku. Nami sasa ndiye niliyekuwa nikisali sala ileile kila siku.

Binti yetu alipokuwa hajatimiza miaka miwili alishikwa na homa, na usiku ule ule ikampanda kichwani akaingia katika degedege. Ilikuwa katikati ya kusi, bahari imechafuka, na hata kama chombo kingethubutu kutoka hakuna aliyeweza kufika Dar es Salaam kwa wakati. Katika wodi ya hospitali palikuwa na taa mbili, na muuguzi aliyekuwa zamu hakuwa mwingine ila yule mama wa jahazini. Alimtundikia mtoto dripu ya kwinini, akaufunga mkono wake mdogo juu ya kipande cha boksi ili usikunjike, akatuambia tumtazame, akimbilie wengine. Katika kitanda cha pili alilazwa mtoto wa mvuvi, mvulana wa rika lake, kwa ugonjwa ule ule, na mama yake alikuwa ameketi sakafuni ameshika mguu wa kitanda.

Nilifanya nilichojua kufanya tangu utoto: nilisikiliza pumzi. Nilizisikiliza kwa muda mrefu, nikizihesabu, nikishikilia kila moja kana kwamba ikinipita bila kuhesabiwa haitarudi, na kadiri nilivyohesabu ndivyo hofu ilivyokua, kwa sababu nilikuwa nimejitwika kazi ya kumfanya mtoto wangu apumue, nayo ni kazi isiyowezwa na mtu. Mke wangu alinigusa bega akasema, "Baba, saa ya wimbo imepita." Akaanza yeye, kwa sauti ya chini, wimbo wa jioni, nami nikamfuata, na tulipofika katika sala, sala ile ya kila siku ambayo ndani yake baba alikuwa akizikabidhi roho za waliolala nyumbani mikononi mwa Bwana, akiwataja mmoja mmoja, nilimtaja binti yangu kwa jina kama nilivyomtaja kila jioni, na mara hii nilisikia nilichokuwa nikisema. Nilikuwa nikimkabidhi. Kila jioni ya maisha yake nilikuwa nimemkabidhi, naye kila asubuhi nilirudishiwa; na makaburi ya Rungwe, na jua la Pasaka juu yake, yalinijia waziwazi, nikajua kwamba mikono niliyomkabidhi ni ile ile, ama akirudishwa kwangu kesho ama akirudishwa siku ile nyingine.

Nikaacha kuhesabu. Haikuwa kukata tamaa, maana nilitaka apone kwa nguvu zangu zote, na machozi yalinitoka. Lakini kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwangu tangu kifo cha mdogo wangu kililegea, na utulivu ukaingia ambao sikuufanyia kazi. Nataka ifahamike kwamba amani hiyo ilinijia usiku, kabla hatujajua kama mtoto ataishi. Mama wa yule mvulana akatugeukia akasema, "Mwalimu, endeleeni, mwanangu akisikia anatulia." Tukaendelea.

Alfajiri yule mvulana alifariki. Binti yangu alifumbua macho akaomba maji.

Nimelibeba jambo hili miaka yote, wala sina ufumbuzi wake. Vitanda viwili, ugonjwa mmoja, dawa moja, wimbo mmoja ukisikiwa na wote wawili. Jumapili iliyofuata wenzangu walinitaka nisimame nitoe ushuhuda kwamba Mungu amezisikia sala zetu, nami nilisimama, nikamshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto wangu, kisha nikaomba tuiombee nyumba ya mvuvi, nikaketi. Sikuthubutu kusema zaidi, kwa kuwa ushuhuda wowote ambao nisingeweza kuutoa mbele ya yule mama aliyeketi sakafuni sikuuona kuwa ni ushuhuda wa Kristo. Nilikwenda mazikoni, na baba wa mvulana alinipokea kwa taadhima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuwa mkewe amemwambia kwamba mtoto hakufa katika kelele. Ujirani wetu haukukatika tangu siku hiyo; na nilipohama kisiwa yeye ndiye aliyebeba sanduku langu mpaka chomboni.

Wako watumishi wa Mungu wasemao kwamba hofu ni dhambi, na kwamba Mkristo anayeogopa anamtukana Mwokozi wake. Nawaheshimu, lakini nikisoma habari za bustani ya Gethsemane siwezi kukubaliana nao, maana hapo naona Mwokozi mwenyewe amefadhaika hata jasho likamtiririka, naye anaomba kikombe kimwepuke, tena anawasihi rafiki zake wakeshe pamoja naye. Yeye aliyelala usingizi katika shetri ya chombo huku wanafunzi wakipiga kelele ndiye aliyekesha usiku ule, na wanafunzi ndio waliolala. Sioni kwamba alikuwa na amani katika bahari ya Galilaya akaipoteza bustanini. Naona kwamba katika mahali pote pawili alikuwa akisema na Baba yule yule aliyezoea kusema naye, na mazoea hayo hayakumwacha, jasho au pasipo jasho. Na lile ombi lake kwa rafiki zake, ambalo hawakulitimiza, limenikaa moyoni kuliko mafundisho mengine yote kuhusu hofu.

Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu Tukuyu, na nikisikia kwamba mtu amelazwa anangoja upasuaji, huenda jioni nikakaa naye, mradi wauguzi waniruhusu. Simwambii asiogope. Humwuliza hali ya nyumbani, kisha namwuliza kwao walikuwa wakiimba wimbo gani jioni, na wengi, hata wale waliokwisha kuliacha kanisa zamani, huukumbuka baada ya kitambo. Juzi alikuwapo dereva wa lori, mtu wa makamo, ambaye alingoja kukatwa mguu siku ya pili yake, naye alinijibu kwa ukali kidogo kwamba yeye hajui wimbo wowote, Mzee, na huko kwao Mbozi aliondoka akiwa mtoto. Nikamwambia basi nitaimba mimi, yeye apumzike. Nilipofika ubeti wa pili alinisimamisha kwa mkono, akasema kwamba mstari huo nimeukosea, kwamba kwao hauimbwi hivyo, akauimba yeye mwenyewe mpaka mwisho, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani akaitikia.